Lango la Kambi Lina Sheria ya Nani?



Kila mara serikali yetu inapotia sahihi mkataba na jeshi la kigeni, wakubwa hutueleza habari za usalama wa mipaka na vita dhidi ya magaidi, kisha huongeza neno moja ambalo hulitamka kwa sauti kubwa kuliko mengine yote: ajira. Hulitamka kana kwamba kazi ni sadaka, na mpokea sadaka hana ruhusa ya kuuliza imetoka wapi wala imepimwa kwa kibaba gani. Sisi tunaoandika ukurasa huu ni watu wa Ukambani, na baadhi yetu tumeila ajira hiyo. Tumesugua masufuria ya majeshi ya watu, tumefua shuka zao, tumechimba vyoo vyao, tumekesha tukilinda maghala ambayo hatukuruhusiwa kutia mguu ndani yake. Hatusimulii habari za kusikia.

Tunalodai ni jambo moja tu. Raia wa Kenya anapovuka lango la kambi ya jeshi la kigeni ili afanye kazi ya mikono, sheria ya Kenya na ivuke pamoja naye. Mpaka sasa imezoea kumsindikiza hadi kwenye kizuizi, ikamuaga, ikarudi mjini.

Tueleze tulivyoona. Kambi yenyewe hatutaitaja, wala taifa lenye kambi, kwa sababu wapo wenzetu ambao hadi leo wanapata riziki yao huko, na kwa sababu ugomvi wetu ni juu ya utaratibu wala si juu ya bendera fulani. Hatukuajiriwa na jeshi. Alikuja wakala wa mkandarasi, akasimamisha gari penye mnada wa mbuzi, akawa anachagua vijana kwa kuwatazama mabega. Mwenye kitu cha kumpa wakala alitangulia, asiyekuwa nacho alisubiri safari nyingine. Hatukupewa barua wala mkataba. Tulipofika langoni tuliacha vitambulisho vyetu vya taifa katika sanduku la bati, tukapewa kadi zenye namba, na tangu saa hiyo tukawa namba. Mwanajeshi aliyetaka kuwa mwema alituita sote "John", wanawake kwa wanaume.

Mshahara ulikuja ndani ya bahasha isiyokuwa na jina. Jikoni tulipika chakula kingi kuliko walivyoweza kula wenyewe, na kilichobaki kilitumbukizwa shimoni kikamwagiwa mafuta ya taa na kutiwa moto, tusije tukakitoa nje. Nasi tulitoka nyumbani mwaka wa ukame, tukiwa tumeacha watoto wanaokula muthokoi mara moja kwa siku. Mpishi mwenzetu aliyekutwa na mkate ndani ya koti alifukuzwa mchana ule ule. Mazoezi ya jeshi yalipokwisha, mahema yalikunjwa, na kazi ikakunjwa pamoja nayo. Hakuna aliyetuambia siku ya mwisho ni ipi. Tulifika asubuhi moja tukakuta mlinzi mpya asiyetujua.

Mmoja wetu, mama wa watoto wanne, alimwagikiwa na mafuta ya moto mkono mzima. Tuseme haki: daktari wa kijeshi alimhudumia kwa upole, akamfunga bendeji safi. Kisha akapelekwa langoni kwa gari, akarudishiwa kitambulisho chake, na hapo ndipo alipopotelewa na kila mtu. Mkandarasi alisema jina lake halimo katika daftari. Katika ofisi ya kazi ya mji ule aliambiwa kwamba mle ni kambi ya watu, wao hawaingii. Askari wa kambini walimweleza kwa adabu kwamba wao hawakumwajiri. Aliuza mbuzi wawili akajitibu mwenyewe. Vidole vyake viwili havikunjuki mpaka leo.

Hatukatai kwamba tulipata kitu. Yapo mabati juu ya nyumba za Mutomo na Kibwezi yaliyotokana na bahasha zile, na wapo miongoni mwetu waliojifunza huko udereva na upishi ambao baadaye uliwalisha. Asemaye kwamba tunataka kambi zifungwe kesho ametusingizia. Tunauliza tu: yule mama alikuwa mfanyakazi wa nani?

Swali hilo halikuanza na sisi. Babu zetu waliulizwa na wake zao swali la namna hiyo hiyo, wakakosa jibu. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwalazimisha Waafrika kuingia kazi ya kulifuata jeshi, yaani kubeba mizigo yake. Mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa wa watu chini ya John Ainsworth, na machifu wakaamriwa kutoa vijana. Kitui ilitoa, na nchi ambayo leo ni Makueni, wakati huo sehemu ya Machakos, nayo ilitoa. Hawakuwa askari. Hawakupewa bunduki, na wengi hawakupewa hata blanketi la kutosha. Walibeba risasi na unga kichwani hadi pande za Rufiji na zaidi ya hapo, na waliokufa waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko risasi.

Jeshi lililowachukua liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ndilo jina walilolitamka Kariakoo kule Dar es Salaam, na hapa Nairobi Kariokor. Kila anayekwenda sokoni Kariokor kununua kiondo anakanyaga mahali ambapo kambi yao ilikuwa. Ni wangapi wanaolijua hilo?

Vita vilipokwisha, wengi hawakurudi. Mishahara ya waliokufa ilikuwa imeandikwa vitabuni lakini haikuwafikia jamaa zao, na afisa aliyekuwa mkuu wa wapagazi hao, Oscar Watkins, aliipigania kwa miaka. Hazina ya London ilikataa kuitoa. Hoja ilikuwa kwamba wenyewe hawakuja kuidai. Maiti hawakuja kudai mshahara! Huku nyumbani sheria ya kuandikisha Waafrika, ambayo nayo ilipitishwa mwaka 1915, ilianza kutumika baada ya vita, na mwanamume akatundikiwa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Tazameni basi: serikali iliyosema haiwezi kumpata mjane wa mpagazi ili imlipe iliweza kumpata kila mwanamume aliye hai ili imvalishe kipande.

Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, iko sanamu ya watu watatu iliyosimamishwa miaka ya 1920, na mmoja wao ni mpagazi. Chini yake yameandikwa maneno ya Rudyard Kipling yenye kuahidi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na watoto wao. Majina yenyewe hayapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kupata samahani hiyo, na hakuna aliyeisoma katika baraza la chifu huku kwetu.

Wenye vyeo hupenda kutusifu. Wakoloni walituita kabila la mashujaa, watiifu kwa jeshi, na hata leo mwanasiasa akija Kitui kuomba kura hutukumbusha kwamba tu hodari wa kushika bunduki. Tunawashukuru. Lakini sifa hiyo ilikuwa na bei yake, na waliojua kuipigia hesabu ni wazee wetu wa mwaka 1938. Mwaka ule serikali iliamua kuwapokonya Wakamba wa Machakos ng'ombe zao kwa kisingizio cha kuokoa udongo, ilhali kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa kinangoja mifugo ya bei rahisi. Watu kwa maelfu, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kumwona Gavana. Wakapiga kambi wapi? Kariokor. Mahali pale pale palipokusanyiwa wapagazi, watoto wa wapagazi walikaa wiki kadhaa wakidai ng'ombe zao. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini serikali ilirudi nyuma katika shauri la ng'ombe, na sababu mojawapo ni kwamba haikuthubutu kuwaudhi watu ambao ilihitaji vijana wao jeshini. Sifa ya ushujaa ilizaa matunda pale tu watu walipokataa kuilipia kwa ukimya.

Tuendelee chini ya reli. Anayesafiri kutoka Makindu kupita Kibwezi na Mtito Andei, akaipita Voi, hufika Mackinnon Road, karibu kilomita 100 kabla ya Mombasa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kujenga pale bohari kubwa mno la kijeshi. Walikuwa wanapoteza Bara Hindi, na Wamisri walikuwa hawawataki tena, basi wakatafuta mahali pa kuweka mali yao ya vita. Vibarua wa Kiafrika walifyeka pori, wakapasua mawe na kusimamisha mabanda. Haukupita muda mrefu London ikabadilisha nia, na kazi ikaachwa. Vibarua walirudi makwao. Majengo yalibaki, na serikali ya hali ya hatari iliyatafutia kazi nyingine: mwaka 1954, baada ya msako wa Nairobi ulioitwa Operesheni Anvil, maelfu ya washukiwa wa Mau Mau walifungiwa Mackinnon Road na Manyani. Bohari lililojengwa na mikono ya Waafrika kwa ajili ya vita vya wengine likawa gereza la Waafrika. Anayedhani kwamba kambi ya kigeni ni jambo la kigeni tu, lisilotugusa, na akumbuke mabanda yale.

Uhuru ukaja. Mwaka 1964 serikali mpya ilipatana na Uingereza kwamba majeshi yake yaendelee kufanya mazoezi nchini, na Nanyuki ikawa makao yao. Mwaka 1980 serikali ya Moi iliwapa Wamarekani ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege vya Embakasi na Nanyuki. Ni nani aliyeulizwa? Miaka miwili baadaye kifungu cha 2A kiliingizwa katika Katiba, na chama kikawa kimoja kwa sheria. Hapakuwa na mahali pa kuuliza. Ndiyo maana sisi wa kizazi kile hatuwezi kutenganisha shauri la kambi na shauri la vyama vingi: waliosimama Kamukunji siku ya Saba Saba mwaka 1990 walidai, pamoja na mengine, kwamba jambo lisifanywe kwa jina la wananchi nyuma ya migongo yao. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Tabia yake haikufutwa siku ile.

Sasa tunayo Katiba ya 2010, nayo imesema waziwazi. Kifungu cha 240 kinasema Baraza la Usalama wa Taifa laweza kuidhinisha majeshi ya kigeni kuwekwa nchini, lakini kwa kibali cha Bunge. Kifungu cha 41 kimempa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira bora ya kazi; hakikusema isipokuwa yule aliye nyuma ya seng'enge. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku, na kifungu chake cha 51 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoondoka. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, nayo ya 2007, inamlazimisha mwajiri kuwa na bima. Haya yote yameandikwa. Yule mama wa vidole viwili alikuwa na haki ya kila moja ya karatasi hizi, na hakupata hata moja.

Bunge limefanya nini? Mkataba wa ulinzi na Uingereza ulitiwa sahihi mwaka 2021, na Bunge likauidhinisha mwaka 2023. Tunalisifu Bunge kwa kuwa angalau safari hii wananchi walisikilizwa kabla ya kura, na kwa kuwa kamati yake ya ulinzi ilikwenda Laikipia na Samburu mwaka 2024 kupokea malalamiko juu ya kikosi cha Uingereza cha Nanyuki. Lakini jiulizeni ni malalamiko ya namna gani yanayofika mezani. Hufika yale yenye moshi na damu. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamasai na Wasamburu 228 waliojeruhiwa, au waliofiwa na jamaa zao, kwa mabomu yaliyoachwa malishoni, na ilibidi madai yao yapelekwe na mawakili wa London. Moto wa Lolldaiga wa Machi 2021 ulipelekwa mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasema kesi ile yaweza kusikilizwa hapa Kenya. Hizo ni hatua, na waliozipigania wameifungulia nchi nzima mlango. Ila mpishi aliyefukuzwa kwa sababu ya mkate, na mlinzi aliyekesha miaka mitano bila likizo, hawana moshi wa kuonyesha. Madai yao ni madogo, na kila mmoja anayabeba peke yake.

Kisha wapo waliovuka bahari. Tangu vita vya Iraki vya mwaka 2003, Waafrika Mashariki wengi wamechukuliwa na mawakala kwenda kulinda, kupika na kuendesha malori ya majeshi ya kigeni huko Uarabuni na Afghanistan. Julai 2004 madereva watatu Wakenya walitekwa nyara nchini Iraki pamoja na Wahindi watatu na Mmisri mmoja, wote waajiriwa wa kampuni moja ya uchukuzi ya Kuwait, na hawakuachiliwa mpaka Septemba mosi. Siku zile taifa zima lilijua kwamba Wakenya wako kule. Baadaye likasahau, na mawakala wakaendelea na kazi yao.

Hapa tunataka kila msomaji asikilize kwa makini, kwa maana jambo hili laweza kumfaa jirani yake. Marekani inayo sheria ya tangu mwaka 1941 iitwayo Defense Base Act. Inawalazimisha makandarasi wanaofanya kazi za kambi za kijeshi za Marekani nje ya nchi yao kuwakatia wafanyakazi bima ya majeraha na vifo, na haimbagui mfanyakazi kwa uraia wake. Mkenya aliyevunjika mguu katika kambi ya namna hiyo, au mjane wa aliyefia huko, yumo katika sheria hiyo. Je, kuna wakala hata mmoja aliyepata kuitaja penye mnada wa mbuzi? Je, kuna ofisa wa serikali aliyeitangaza redioni kwa Kikamba? Tumeuliza katika vijiji vyetu, na tuliowauliza hawakuwa wameisikia. Vilevile sheria hiyo ina muda wa kudai, na muda haumngojei asiyejua.

Tutaambiwa sasa kwamba tunawatisha wawekezaji, na kwamba tukipiga kelele kambi zitahamia nchi nyingine na vijana wetu watabaki kukaa vibarazani. Tumeyasikia maneno hayo tangu enzi ya Nyayo, na aliyeyatoa kila mara alikuwa mtu ambaye mtoto wake hasugui masufuria. Jeshi linalotumia mapesa mengi kumsafirisha mwanajeshi mmoja kutoka Ulaya hadi Laikipia halitakimbia kwa sababu limeombwa kuandika jina la mpishi katika daftari. Na kama mkandarasi atakimbia kwa sababu ameombwa bima, basi amekwisha kutueleza yeye ni nani. Wengine watasema mikataba ya ulinzi ni siri ya dola. Siri ya dola ni mahali makombora yanapowekwa. Mshahara wa mfua nguo si siri ya dola.

Tunawataka wabunge wetu wa Kitui na Makueni, ambao hawachoki kutusifia ushujaa, wasimame Bungeni na kuuliza mambo haya kwa maandishi: ni Wakenya wangapi wanaofanya kazi katika kila kambi ya jeshi la kigeni nchini, makandarasi wao ni akina nani, wangapi wana mikataba na bima, na ni mara ngapi ofisa wa kazi wa serikali amepita lango la kambi na kukagua. Wadai pia kwamba mkataba wowote ujao usipitishwe bila kifungu kinachosema kwamba mfanyakazi raia ni wa sheria ya Kenya, na kwamba jeshi lenyewe litawajibika mkandarasi akitoweka. Wakijibiwa kwamba takwimu hazipo, basi jibu hilo na liingizwe katika kumbukumbu za Bunge, ili ijulikane kwamba katika Kenya ya leo kuna watu wasiohesabiwa, kama wapagazi wa 1917.

Nanyi ndugu zetu, msingoje Bunge. Mababu zetu waliponywa na jambo moja tu, nalo ni kwamba walikwenda Nairobi kwa wingi wakakaa pamoja Kariokor. Fanyeni mwethya wa karatasi. Funueni masanduku ya mama zenu na ya marehemu zenu. Tafuteni kadi ya lango, bahasha ya mshahara, picha iliyopigwa mbele ya hema, barua ya hospitali, hati ya kusafiria yenye muhuri wa Kuwait au Baghdad, hata namba ya simu ya wakala iliyoandikwa nyuma ya kalenda. Andikeni mwaka, mahali, kazi na jina la aliyewalipa. Wasiojua kuandika na waandikiwe na watoto wao. Pelekeni nakala kwa mwakilishi wa wadi, mbakize nakala nyumbani, wala msimpe mtu yeyote karatasi ya asili, hata akija na gari la serikali.